Tamasha na soko mbadala chini ya paa moja Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wa aina tatu: wanaopiga muziki, wanaouza mezani, na wanaolipa getini. Mambo mengi huharibika pale kundi moja lisipojua mwenzake anafanya nini saa ile, kwa hiyo tunashauri usome hata sehemu isiyokuhusu.

Soko mbadala ni soko gani hasa? Lina tofauti gani na Toi au Maasai Market?

Ni soko la siku moja, mara nyingi Jumapili, lenye meza 20 hadi 35 ndani ya ukumbi wa muziki au uani kwake. Wauzaji huchaguliwa. Wengi wanauza walichotengeneza wenyewe: vito vya shaba na pembe ya ng'ombe, mikoba ya kushona, fulana zilizochapwa kwa mkono, sabuni, mishumaa, vyungu, mimea, vijarida vidogo. Wengine huleta vya kale vilivyochambuliwa: mitumba, vitabu, santuri.

Toi na Gikomba, masoko ya mitumba, hufunguliwa karibu kila siku na mnunuzi huenda akijua anachotaka. Maasai Market huhamia uwanja mwingine kulingana na siku ya wiki, na huko kupatana bei ni sehemu ya shughuli. Hapa mteja amekuja kusikiliza bendi. Hana orodha wala haraka, na ana kinywaji mkononi. Atapita mezani kwako mara mbili, tatu, kabla hajatoa simu kulipa. Muuzaji anayekaa nyuma ya meza akitazama TikTok hurudi nyumbani na mzigo wake wote. Bei huandikwa wazi, na anayeomba kupunguziwa hujibiwa kwa heshima, lakini usipandishe bei asubuhi ili uishushe jioni. Watu wanaokuja hapa wanajuana.

Kwa nini soko hufungwa kabla bendi kubwa haijapanda jukwaani? Si ndipo watu huwa wengi?

Huwa wengi, lakini hawanunui. Spika zikishafika desibeli 95, muuzaji na mteja hawasikizani, taa za ukumbi zimezimwa, na umati unasukumana kuelekea jukwaani. Vitu huanguka, na wenye mikono mirefu huiba. Isitoshe, meza zilizoachwa kwenye njia za kutokea ni hatari iwapo kutatokea moto.

Kuna hesabu nyingine pia. Muuzaji aliyefungua saa 5 na nusu asubuhi amesimama kwa muda wa saa 7 kufikia jioni. Akifunga saa 12 na nusu, jua linapozama, anapakia huku akiona anachopakia, anapata matatu kwa nauli ya kawaida, na akitaka anarudi ndani kusikiliza muziki mikono mitupu.

Basi siku nzima hupangwaje?

Hii ndiyo ratiba tunayoishikilia kwa ukumbi wa watu 200 hadi 300. Unaweza kusogeza nusu saa huku au kule, ila usibadilishe mfuatano.

Saa 2 asubuhi: mafundi wa sauti na stima wanaingia. Hakuna muuzaji anayeruhusiwa kabla nyaya hazijalazwa na kufunikwa kwa mikeka au tepu.
Saa 3 hadi 5: kujaribu sauti kwa bendi zenye ngoma na ampu (vikuza sauti).
Saa 4: wauzaji wanaanza kushusha mizigo, gari moja baada ya jingine, dakika 15 kila moja.
Saa 5 na nusu: geti linafunguliwa. Muziki ni wa DJ, kiasi cha watu kuongea bila kuinua sauti.
Saa 8 na saa 9 na nusu: mpigaji mmoja au wawili, gita kavu, nyatiti, mashairi. Dakika 30 kila mmoja.
Saa 11: bendi ya kwanza kamili.
Saa 12 na nusu: soko linafungwa.
Saa 1 hadi saa 3 usiku: bendi kubwa.
Saa 4: ukumbi mtupu.

Kosa linalojirudia ni kusogeza majaribio ya sauti hadi mchana kwa sababu mpiga ngoma amechelewa. Ngoma ya mguu ikigongwa kwa dakika 20 mfululizo saa 8 mchana, soko lote linahama kwenda uani, na ukumbi unabaki na meza zisizo na watu. Bendi iliyochelewa hujaribiwa kwa haraka kabla ya kupanda, yaani kuhakikisha tu kila maiki na ala inatoa sauti. Soko halisimamishwi kwa ajili yake.

Mbona mnamaliza mapema hivyo? Nairobi usiku huanza saa 4.

Kwa klabu, ndiyo. Kwa ukumbi wenye bendi na majirani, kanuni za kelele za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa 2 na dakika 1 hadi saa 12 asubuhi. Kiwango cha eneo la biashara ni desibeli 60 mchana na 35 usiku. Eneo la mchanganyiko wa makazi na biashara ni 55 na 35. Desibeli 35 ni kama chumba cha kulala kilichotulia. Hakuna bendi inayoweza kucheza uani kwa kiwango hicho, kwa hiyo baada ya saa 2 muziki lazima uwe ndani, milango imefungwa, na besi imepunguzwa. Mwishoni mwa 2022 serikali ya kaunti ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi, na tangu hapo malalamiko ya jirani mmoja mwenye simu yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Besi ndiyo inayovuka ukuta. Filimbi na sauti ya mwimbaji hukatwa na tofali moja, lakini mawimbi marefu ya besi hupita mabati na vioo kana kwamba havipo. Kabla ya tamasha, tembea na kipima sauti hadi ukuta wa jirani wa karibu huku DJ akicheza. Programu ya simu inatosha kulinganisha kabla na baada. Usiitegemee kama ushahidi. Kuinua spika za besi kutoka kwenye jukwaa la mbao tupu na kuziweka kwenye sakafu ya saruji hupunguza mtikisiko kuliko kupunguza sauti yote. Pia mpelekee jirani ratiba ya maandishi siku 3 kabla, pamoja na nambari ya simu itakayopokelewa usiku huo. Nambari isiyopokelewa ni bora isitolewe.

Ni vibali gani vinavyohitajika?

Ukumbi wenyewe uwe na leseni ya biashara ya kaunti, kibali cha afya, na leseni ya pombe ikiwa kuna baa. Tamasha likitumia spika za kusikika nje, omba kibali cha kelele kaunti mapema. Arifu kituo cha polisi cha eneo lako kwa barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Askari wakija saa 1 usiku, karatasi hiyo humaliza mazungumzo haraka.

Leseni ya muziki ndiyo inayosahauliwa. Hata kama bendi zote zinacheza nyimbo zao, DJ anayejaza nafasi katikati anacheza kazi za watu wengine, na hapo mirabaha inadaiwa. Kwa miaka mingi majina yaliyozoeleka yamekuwa MCSK, KAMP na PRISK, lakini mashirika yanayoruhusiwa kukusanya hutegemea leseni inayotolewa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na orodha imekuwa ikibadilika. Angalia kwa KECOBO ni nani ameidhinishwa mwaka huu kabla ya kumlipa yeyote anayebisha mlangoni na kitabu cha risiti.

Bendi yetu imepewa nafasi. Tutume nini, na lini?

Tuma karatasi mbili siku 7 kabla. Ya kwanza ni mchoro wa jukwaa: nani anasimama wapi, ampu iko wapi, nani anahitaji soketi. Ya pili ni orodha ya njia, yaani kila sauti inayoingia kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti: nambari 1 ngoma ya mguu, 2 snea (ngoma ndogo ya vijiti), 3 besi, 4 gita la solo, na kuendelea hadi maiki ya mwisho ya mwitikiaji. Mikisa nyingi za kumbi ndogo zina njia 16 hadi 24. Bendi ya watu 9 yenye ngoma kamili hufika 20 bila taabu, na fundi akiijua mapema atapunguza maiki za ngoma kutoka 7 hadi 4 badala ya kugundua jukwaani kwamba tarumbeta haina pa kuchomekwa.

Leteni wenyewe: nyaya za gita na za akiba, betri mpya za 9V, nyuzi za akiba, vijiti, na kiti cha mpiga ngoma kama ni mwepesi wa kulalamika kuhusu viti. Kinanda kije na adapta yake. Adapta ya kuazima yenye volti tofauti imeua vinanda vingi mjini humu.

Kwa nini bendi ya mwisho hujaribu sauti kwanza?

Kwa sababu ya vyombo, si ukubwa wa jina. Majaribio huenda kinyumenyume: anayecheza mwisho hujaribu kwanza, anayefungua hujaribu mwisho. Akimaliza, vyombo vya anayefungua vinabaki pale pale jukwaani, tayari kwa geti kufunguliwa. Bendi kubwa hupewa dakika 45 hadi 60, nyingine 20 hadi 30. Ndani ya muda huo mfuatano ni ngoma, besi, gita, kinanda, ala za kupulizwa, sauti za waimbaji, kisha wimbo mmoja mzima na kiitikio cha mwingine. Mnaojaribu nyimbo tano mnakula muda wa wenzenu.

Kubadilisha bendi jukwaani kuna dakika 15. Tumia seti moja ya ngoma na ampu moja ya besi kwa wote. Kila mpiga ngoma aje na matoazi, snea na pedali yake.

Nyatiti, orutu na ala nyingine za asili huwekewaje maiki bila spika kupiga mluzi?

Swali hili lina majibu mabaya mengi, maana fundi aliyezoea gita huweka maiki moja mbele ya nyatiti, huipandisha, na ukumbi mzima unaziba masikio.

Nyatiti ina nyuzi 8 juu ya kasha la mbao lililofunikwa ngozi. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavu karibu na sakafu. Mguuni ana njuga, gara, na kwenye kidole gumba cha mguu pete ya chuma, oduong'o, anayogongea ukingo wa ala. Sauti zinatoka mahali pawili, kwa hiyo weka maiki mbili. Ya kwanza iwe ndogo ya kubana au ya kondensa, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ngozi, imeelekezwa kando ya mahali nyuzi zinapokaa badala ya katikati kabisa. Ya pili iwe ya kawaida ya kuimbia, chini kwenye stendi fupi, sentimita 10 hivi kutoka kwenye pete, imegeuziwa mgongo spika ya jukwaani. Bila maiki hii ya pili wimbo unapoteza mapigo yake, na mpigaji atajikaza kugonga hadi aumie.

Ngozi hutikiswa na spika ya jukwaani kama ngoma. Mluzi wa chini, ule unaoanza kama mvumo, mara nyingi uko kati ya hezi 150 na 250. Tafuta pale, kata kidogo, na sogeza spika ya jukwaani pembeni ya mpigaji, isiwe usoni pa ala. Mkwaruzo unaosikika kwenye nyuzi ni wa makusudi, usijaribu kuusafisha. Na mpe mpigaji dakika 20 za kutengeneza nyuzi jukwaani chini ya taa zilizowashwa, si chumba cha nyuma. Ngozi hulegea kwa unyevu na kukaza kwa joto, na Julai jijini tofauti ya chumba baridi na jukwaa lenye taa huhamisha nyuzi zote.

Orutu, yenye uzi mmoja, inatosha maiki ndogo ya kubana kwenye mwili wake, maana mpigaji husogea anapovuta upinde. Kayamba hupigwa mita moja nyuma ya maiki. Ikikaribia zaidi inafunika kila kitu.

Spika zinavuma "mmmmm" hata kabla mtu hajacheza. Shida ni nini?

Karibu kila mara ni vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku vikichukua stima kwenye soketi za mistari tofauti, hivyo waya wa ardhini unafanya mzunguko. Chomeka jukwaa lote na mikisa kwenye mstari mmoja. Ikiwa ni kompyuta ya DJ au kinanda, tumia kiboksi cha DI, kile kinachokaa kati ya ala na mikisa, na ubonyeze kitufe cha kutenganisha ardhi. Kamwe usikate au kuziba pini ya ardhini kwenye plagi. Mvumo utaisha, lakini mwimbaji anaweza kupigwa shoti mdomoni.

Nauza kahawa na chapati. Naweza kuchomeka birika na jiko la stima mezani?

Moja kwa soketi, na kwa mpango. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba takribani wati 3,100. Birika ni wati 2,000, jiko la bamba moja 1,500. Jumla 3,500, na fyuzi inaweza kukatika katikati ya foleni. Anayechomeka tena kwa fyuzi kubwa zaidi au kipande cha karatasi ya fedha anaondolewa sokoni siku hiyo hiyo.

Ekstensheni za jikoni ziwe na waya wa milimita 2.5 za mraba, na zile za kuzungushwa kwenye gurudumu zikunjuliwe zote. Waya uliobaki umekunjwa hupata joto na huyeyuka ndani mahali usipoona.

Pale ukumbi una fezi tatu, yaani mistari mitatu mikuu ya stima, gawa hivi: sauti fezi moja, taa ya pili, baa na wapishi ya tatu. Friji la baa linapowaka hushtua volti, na likiwa mstari mmoja na mikisa, utausikia mshtuko huo kwenye spika.

Stima ikipotea katikati ya wimbo?

Zima spika na ampu kwanza, haraka, kabla Kenya Power hawajairudisha au jenereta haijashika. Stima inaporudi huja kwa kishindo, na spika zilizoachwa wazi hupasuka. Kisha mfuatano wa kuwasha: mikisa, vifaa vya jukwaani, na ampu mwisho kabisa. Kuzima ni kinyume chake.

Mikisa ya kidijitali ikae kwenye UPS, betri inayoshika stima ikikatika, hata ya kVA 1. Bila hiyo inahitaji dakika kadhaa kujiwasha na wakati mwingine hupoteza mpangilio ambao haukuhifadhiwa.

Jenereta ya kVA 20 hutoa takribani kilowati 16, na usiipakie zaidi ya 12. Sauti 3, taa 1.5, baa 1.5 na wapishi 4 ni 10, inatosha. Iwashwe mara moja kwa majaribio asubuhi ikiwa imebeba mzigo, maana jenereta inayounguruma vizuri bila mzigo si habari. Moshi uelekee mbali na madirisha na mbali na meza.

Meza ina ukubwa gani, na nije na nini?

Meza ni mita 1.8 kwa 0.75, na nafasi yako yote ni mita 2 kwa 2. Njia kati ya safu ni mita 2, au 3 pale meza zinapotazamana. Usitandike chochote njiani; kitenge chini mbele ya meza ni njia ya mtu kujikwaa.

Njoo na kitambaa cha kufika sakafuni ili maboksi yajifiche, kioo ikiwa unauza vito au nguo, taa ya betri kwa sababu giza huingia ghafla karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, na mifuko ya khaki au kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini huanza na milioni 2.

Ukiwa uani, hema la mita 3 kwa 3 linahitaji uzito kila mguu. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji ni kilo 20 na kila mtu anao nyumbani. Ufunge kwa kamba kwenye fremu ya juu, si kuuegemeza tu mguuni. Upepo unaotangulia mvua ya Aprili hubeba hema tupu kama karatasi.

Nauza mitumba. Mtanichukua?

Ikiwa umechambua. Meza ya kamera, yaani nguo bora zilizochaguliwa kwanza, vipande 40 hadi 60 vilivyofuliwa, kupigwa pasi na kutundikwa kwa saizi, inauza. Fagia, yaani mabaki ya mwisho, iliyomwagwa mezani haiuzi hapa hata kwa bei ya chini, maana mwenye kutaka kuchakura anajua njia ya Gikomba. Kagua vifungo, zipu na makwapa kabla ya kuleta.

Na santuri?

Karibu. Zisimame wima, zisilale, na zisikae juani hata dakika 20, plastiki hupinda. Mnunuzi, inamisha santuri chini ya taa uitazame kwa ulalo. Vumbi si tatizo, mkwaruzo unaohisika kwa ukucha ndio utakaorukisha sindano. Zile ndogo za inchi 7, ambazo benga nyingi ya zamani ilitolewa nazo, baadhi zina tundu kubwa katikati, hivyo uliza kama kiungo cha katikati kinauzwa nazo.

Sabuni na mafuta ya ngozi niliyotengeneza nyumbani?

Yanahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Lebo yenye viambato, uzito na tarehe haitoshi peke yake. Tunajua inawabana wadogo, lakini mkaguzi akifika hufunga soko, hafungi meza moja.

Chakula?

Kila anayegusa chakula awe na cheti cha afya kisichozidi miezi 6. Mitungi ya gesi ikae nje, wima, kivulini, na isiwe kwenye shimo au karibu na mfereji, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Paka maji ya sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha; povu likivimba, funga. Muratina ya nyumbani haiuzwi mezani, hata ikiwa tamu kiasi gani. Pombe yote ni ya baa yenye leseni.

Malipo ya M-Pesa huchelewa umati ukiwa mkubwa. Nifanyeje?

Hakikisha kwenye simu yako, si kwenye ujumbe anaokuonyesha mteja. Ujumbe wa kubuni hutengenezwa kwa sekunde 30. Chapisha nambari ya tili kwa tarakimu kubwa, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, ili asisite. Asiye na tili atumie Pochi la Biashara badala ya nambari yake binafsi: pesa za biashara hukaa kando na mteja hawezi kurudisha malipo bila wewe kujua. Mtandao ukizama, andika jina, kiasi na saa, na uweke kitu kando hadi ujumbe uingie.

Bendi hulipwaje?

Kwa kiasi kilichokubaliwa au kwa mgawo wa geti. Mfano wa mgawo: watu 180 kwa shilingi 800 ni 144,000. Toa gharama zilizoandikwa mapema, tuseme 40,000 za mafundi, walinzi na ada ya tiketi. Zinabaki 104,000, na kwa 70 kwa 30 bendi inapata 72,800. Ugomvi hutokea kwenye neno "gharama", kwa hiyo ziorodheshwe kwenye mkataba wa ukurasa mmoja kabla ya bango kuchapishwa, pamoja na idadi ya watakaoingia bure. Meneja wa bendi ana haki ya kusimama getini na kuhesabu. Malipo ni usiku huo huo.

Nimenunua tiketi tu. Kuna cha kujua?

Tiketi moja ni ya soko na tamasha. Wanaokuja sokoni pekee huingia bure hadi saa 10 na nusu, kisha hupewa ukanda wa mkononi wakilipa.

Watoto wanakaribishwa mchana, na wanaondoka saa 12 na nusu. Walete na vifunika masikio, si pamba. Hata mtu mzima anafaa kujua hesabu hii: masikio huvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hukatwa nusu, hivyo 94 ni saa 1 na 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kumbi zisizidi wastani wa 100 ndani ya dakika 15. Vizibo vinapatikana mlangoni. Pahali pazuri pa kusikiliza ni karibu na fundi wa sauti; yeye anasawazisha kwa anachosikia hapo.

Mnapiga picha. Naweza kukataa?

Ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulinda, na mwaka 2023 kamishna wa data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa. Chukua kibandiko chekundu getini, mpiga picha atakupita.

Mvua ikinyesha?

Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, panga kana kwamba itanyesha. Meza za ndani zisizidi 20, na walio uani wajue tangu wiki ile watahamia wapi au watarudishiwa ada. Uamuzi hutolewa saa 3 asubuhi kwa ujumbe wa simu na haubadilishwi. Kuhamisha meza 12 ndani watu wakiwa wameingia huchukua saa nzima na huvunja vyungu. Nyaya za uani ziinuliwe, maungio yafungwe ndani ya maboksi yasiyoingiza maji, na fundi wa stima akate mstari wa uani matone ya kwanza yanapoanguka, bila kumsubiri mtu amwambie.